Kitabu Kilichofungiwa Kabatini

Mwalimu Adventina alikuwa na mambo mawili ambayo shule nzima iliyajua: hakupenda mtoto aseme "sijui" kabla hajafikiri, na hakupenda mtu mwingine ashike ufunguo wa kabati lake la vitabu. Kwa hiyo Alhamisi ile, Afisa Elimu Kata alipoteremka kwenye pikipiki, akasalimia harakaharaka na kuuomba ufunguo huo, walimu waliokuwa wakisahihisha madaftari barazani waliweka kalamu chini. Walitaka kuona.

Hawakuona kitu. Adventina aliutoa ufunguo kwenye pochi, akaupangusa kwa ncha ya kanga, akaukabidhi.

"Kwa muda gani, Afisa?"

"Mpaka kamati ya shule ikae. Jumanne."

Bwana Wiston, huyo Afisa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa waraka tu. Waraka ungesema kuku wote wa kata wavae viatu, angewanunulia viatu kwanza, sababu angeuliza baadaye. Na safari hii alikuwa na barua mkononi. Ilikuwa imeandikwa na Danstan, mzazi na mjumbe wa kamati, ikisema kwamba kitabu kiitwacho Fundo Kiunoni, kinachosomwa na watoto wa darasa la tano na la sita, kinatisha watoto, kinachokonoa vidonda vya zamani, hakina ithibati ya wizara, na juu ya hayo habari zake ni uzushi mtupu. Kitabu hicho kilikuwa kimeandikwa na Adventina mwenyewe.

Afisa alizikusanya nakala zote, akazipanga rafu ya chini, akafunga kabati na kuutia ufunguo mfukoni. Kamusi, ramani na vitabu vya hesabu navyo vikafungiwa humo humo, ingawa havikuwa vimemkosea mtu. Pikipiki ilipoondoka Adventina alirudi darasani akaendelea na somo la methali.

Kitabu chenyewe kilikuwa na safari ndefu. Adventina alizaliwa Nyakahura, upande wa Biharamulo, nyumba ya tatu kutoka barabara kuu. Mwaka ule watu wa ng'ambo ya mpaka walipoanza kumiminika wakikimbia vita, yeye alikuwa darasa la sita, na kila jioni alisimama kando ya gulio kuangalia malori ya chakula yakipita kuelekea Ngara na mengine yakirudi matupu. Alimuuliza baba yake wanaopelekewa kule ni akina nani. Baba alikuwa akikamua ng'ombe, hakugeuka. "Ni watu," alisema, na habari ikaishia hapo. Jibu hilo lilimkaa Adventina kooni miaka yote aliyosoma chuo cha ualimu, miaka aliyoishi na marehemu mumewe kule Biharamulo mjini, hadi alipohamishiwa shule hii ya Mugoma, upande wa Ngara karibu na mpaka, akiwa mjane mwenye mabegi mawili.

Mugoma alikuta watoto wanaoishi juu ya historia kama kuku wanaoparua juu ya hazina. Vyoo vya shule viliezuliwa na upepo, vikafunikwa kwa maturubai ya zamani ya kambi za wakimbizi, yenye herufi zilizofifia. Watoto walisoma zile herufi, wakauliza zimetoka wapi. Kitabu cha historia kilikuwa na mistari miwili tu kuhusu mambo hayo, na mistari yenyewe ilikuwa na tarakimu nyingi kuliko watu. Adventina akaona hii ni aibu. Akanunua daftari kubwa la kaunta, na Jumamosi zake zote akawa anapita nyumba za kilimani hapo Mugoma kuuliza wazee.

Wazee walimpokea vizuri. Walimpa ndizi za kuchoma, wakamwambia habari za mvua, wakamwambia habari za bei ya kahawa, wakamsindikiza hadi njiani. Wakati mwingine walizungumza Kihangaza, lugha ya huko, wao kwa wao akasikia nusu nusu, kwa kuwa yeye ni Msubi wa Biharamulo. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia kitu. Baada ya miezi minane daftari lilikuwa na kurasa nyingi kuhusu mvua.

Ni bibi mmoja tu aliyezungumza, Bibi Agness, ambaye alikuwa hana jino hata moja na hana muda wa kupoteza. Alimweleza kwamba mwezi wa kumi wa mwaka tisini na tatu, mvua za kwanza zikiwa zimeanguka, alikwenda kuchota maji akamkuta mtoto wa kike wa miaka tisa amekaa kwenye majani ya kando ya mto wa mpakani. Mama yake alikuwa amelala pembeni, na hakuwa amelala usingizi. Mtoto alikuwa hajala siku tatu. Lakini kiunoni, chini ya gauni, alikuwa na fundo la kitambaa lenye mbegu za maharage, meupe yenye baka jekundu penye jicho. Agness alimuuliza kwa nini hakuyatafuna. Mtoto akajibu kwamba mama alimwambia asiyaguse hata akifa njaa, kwa sababu mtu hafiki kwa watu mikono mitupu. Atakayekupokea, mpe apande.

"Nikayapanda," alisema Bibi Agness. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msimu ule yangu yote yalioza, ya yule mtoto yakakubali."

"Na mtoto mwenyewe?"

Bibi alitafuna fizi. "Alirudi kwao. Amani ilipokuja alirudi na wenzake."

Mwaka uliofuata Bibi Agness alizikwa. Adventina alilia msibani kuliko baadhi ya ndugu, kisha akarudi nyumbani akaanza kuandika. Aliandika kwa miaka miwili kwa mkono. Mtoto akampa jina la Tereza, bibi akampa jina lingine, kilima hakukitaja, mto hakuutaja, maana alikuwa mwangalifu na alijua majina ni kitu cha kuchezea kwa adabu. Steshenari ya Ngara mjini wakamchapia na kumfungia nakala arobaini kwa waya, mwalimu wa sanaa akachora jalada.

Watoto walikipokea kwa njaa. Nakala mbili zilipoteza jalada ndani ya mwezi. Wavulana waliokuwa wakisoma kwa kusukumwa walikutwa wamejificha nyuma ya jiko la shule wakisomeana kwa zamu. Na hakuna aliyekipenda kama Irine wa darasa la sita, binti wa huyo huyo Danstan aliyeandika barua. Irine alikiazima mara tano. Adventina alimpenda mtoto yule kwa jinsi alivyouliza maswali, na ndiyo maana barua ya baba yake ilimuuma mara mbili.

Ijumaa Mwalimu Mkuu, Aron, alimwita ofisini. Aron alikuwa Msukuma wa Geita, mtu mwenye tumbo la heshima na moyo wa kupigania walimu wake.

"Mwalimu, mimi nakwambia hili shauri ni jepesi," alisema. "Mambo ya ithibati tutaandika barua, tutaomba kitambuliwe kama kitabu cha ziada. Kutisha watoto? Wanaona makubwa kuliko hayo kwenye simu za kaka zao. Kilichobaki ni hilo neno uzushi. Na wewe una daftari! Una maneno ya bibi, una tarehe. Ukiliweka mezani ukasema hii ni kweli, imetokea hapa hapa, nani atasimama kuifungia historia ya kwao wenyewe?"

"Nitaliweka mezani," alisema Adventina.

"Basi tumeshinda."

Lakini Adventina hakuwa mtu wa kungoja ushindi akiwa amekaa. Jumapili baada ya misa aliamua kumfuata Danstan nyumbani kwake, amwambie usoni, kwa heshima lakini usoni, kwamba mtu mzima hashitaki kitabu ambacho hajakisoma. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Aliyapanga vizuri mno, akaongeza na methali mbili, akafika kwenye ua wa Danstan akiwa amejaa pomoni.

Danstan hakuwapo. Mkewe ndiye aliyekuwapo, amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, anachambua maharage ya mbegu. Shule nzima walimwita Mama Irine, mwanamke mpole asiyekosa kikao cha wazazi na asiyesema neno kikaoni.

"Karibu, Mwarimu. Baba Irine ameitwa kwa mjomba wake. Kaa kidogo upumzike."

Adventina alikaa, maneno yake yote yakiwa bado kifuani hayana pa kwenda. Kwa kuwa mikono haijui kukaa bure mbele ya kazi ya mwenzake, akavuta ungo naye akaanza kuchambua. Yalikuwa meupe yenye baka jekundu penye jicho.

"Haya ndiyo Kalista," alisema ili aseme kitu. "Mimi sokoni sinunui mengine. Yanaiva upesi."

"Ndiyo. Ni Karista."

"Ni mbegu ya wataalamu wa utafiti hii, eeh? Wanapenda kuzipa majina ya kike."

Mama Irine aliendelea kuchambua. Alitoa punje mbovu, akatoa jiwe, akaliweka pembeni.

"Mwarimu, kwenu Biharamulo mbegu mnaziita vipi?"

"Kwa sura yake. Nyekundu, ya njano, soya, ya madoa."

"Sisi huku tunaiita kwa mtu aliyeireta. Akija mtu na mbegu ngeni ikakubari, basi ile mbegu ni yake, tunaiita kwa jina lake hata akifa. Kuna viazi vinaitwa Nshimiyimana. Huyo alikuwa fundi baiskeri, arikufa zamani."

Adventina alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Aliyatazama maharage, akamtazama mama aliyekaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu afike Mugoma alijiuliza swali ambalo mwalimu wa historia alipaswa kujiuliza siku ya kwanza. Kwa miaka saba alikuwa amemwita mwanamke huyu kwa jina la mtoto wake, kama ilivyo desturi. Hakuwahi kujua jina lake mwenyewe.

"Mama Irine, jina lako ni nani?"

"Unarijua, Mwarimu. Umerinunua sokoni."

Kuku walipita kati yao wakidonoa punje zilizoanguka. Hakuna aliyewafukuza.

"Bibi Agness aliniambia yule mtoto alirudi kwao," alisema Adventina, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekamatwa.

"Arikuambia hivyo ili unyamaze. Hakujua kuwa utaandika maharage." Kalista aliweka ungo chini. "Watu wazima wote wa hapa wanajua. Wamejua miaka thelathini na hakuna aliyesema, kwa sababu Mama Agness arikata shauri mimi ni mwanawe, na kilima kikakubari. Kitamburisho changu kinasema mimi ni binti wa Agness. Nimeorewa kama binti wa Agness. Watoto ndio hawakujua. Sasa wamesoma kwako maharage meupe yenye baka jekundu, na kila mtoto wa hapa anajua maharage hayo yanaitwaje. Wamejumlisha. Umewafundisha vizuri kujumlisha."

"Wamesema nini?"

"Wavurana wanamwita Irine mkimbizi. Yeye anapigana nao, anasema ni uongo, mama yake ni wa hapa. Anarudi na gauni limechanika." Aliokota punje iliyoangukia mkekani. "Na maneno ya watoto hayana mlango. Leo yako uwanjani, kesho yako ofisini kwa Afisa, keshokutwa mtu wa uhamiaji anakuja kuniuriza nirizaliwa zahanati gani. Nina watoto wanne, Mwarimu."

Adventina alielewa basi kwa nini barua ya Danstan ilikuwa imejaa sababu dhaifu. Ile ya kweli isingeweza kuandikwa. Alijisikia vibaya kiasi cha kutaka kusimama aondoke, lakini alibaki kwenye mkeka.

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ningekuja kukuambia nini? Mimi sikusoma. Irine ndiye anayenisomea. Jioni anakaa hapo, ananisomea kitabu chako, hajui anamsomea nani. Ule ukurasa ambao mama anamfunga mtoto lile fundo, nirimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia sijasikia vizuri, rudia tena." Kalista alijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la maharage. "Nirisikia, Mwarimu. Nirisikia mara ya kwanza. Miaka thelathini hakuna aliyemtaja mama yangu. Mimi mwenyewe sikuthubutu. Wewe umemtaja, umemwandika vizuri kuriko ninavyomkumbuka. Sasa nakuomba umfiche."

Adventina alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Msidhani alikubali pale pale. Alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu ya Kalista, jambo ambalo lilimtia haya. Miaka sita ya Jumamosi zake! Alikuwa amewafundisha watoto kwamba historia haiombi ruhusa kwa mtu. Alikuwa ameisema sentensi hiyo mbele ya ubao, akaipenda, akaiandika hata kwa chaki ya rangi. Sasa aliisikia inavyolia ikiwa imesemwa kwenye ua wa watu.

Alifikiria kubadilisha maharage yawe mtama. Lakini watoto walikwisha kusoma, na neno lililosomwa halirudi kwenye wino. Alifikiria kunyamaza kikaoni, aache kitabu kifungiwe kwa sababu ya ithibati. Lakini hilo lisingewafunga midomo wavulana wa uwanjani. Kitabu kinachofungiwa bila kukanushwa ndicho kinachoaminiwa kuliko vyote. Hata yeye angekiamini. Aliwaza hivyo Jumapili na Jumatatu, na Jumanne asubuhi alitia daftari la kaunta kwenye mkoba bila kujua atalifanya nini.

Kamati ilikaa darasa la saba, wazee na akina mama wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Bwana Wiston alikaa kwenye meza ya mwalimu, ufunguo wa kabati mbele yake. Danstan alisimama kwanza. Alikuwa mtu wa jembe, si wa hotuba, na jasho lilimtoka. Alisema kuna mtoto wa darasa la tano amekojoa kitandani kwa sababu ya kitabu hicho. Alisema majirani tumeishi vizuri, ya nini kufukua. Alisema watoto wasome habari za sungura.

Aron alimjibu kwa furaha ya mtu anayejua ana turufu. Alisema mtoto anayefichwa anakotoka kijiji chake hubaki mgeni kijijini kwake. Mzee mmoja alisema kweli, lakini kila jambo lina umri wake. Mama mmoja akasema umri gani, wakati watoto wanapita kila siku kwenye makaburi ya pale mtoni wakiuliza ya nani. Maneno yakapamba moto, na kwa dakika kumi ilikuwa mabishano mazuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia Adventina katika kikao cha shule. Yalikuwa mabishano aliyoyatamani tangu siku ile ya malori. Kila mmoja alikuwa na haki kidogo. Aliwatazama akawapenda, na moyo ukamuuma kwa sababu alijua hakuna anayesema lile lililo chini. Nusu yao walikuwa wamekula maharage hayo msibani kwa Bibi Agness.

Bwana Wiston aligonga meza.

"Jamani, tusizunguke. Ithibati inaombwa, hilo lina utaratibu. Mimi nataka kujua jambo moja ili niandike taarifa. Mwalimu Adventina, simama." Akafungua ukurasa wa kwanza wa kitabu. "Hapa unasema hadithi hii ni ya hapa kwetu. Barua inasema ni uzushi. Ni ya kweli? Huyu mtoto yupo? Kama ni ya kweli, yuko wapi sasa hivi?"

Aron alimkonyeza. Mkoba wenye daftari ulikuwa juu ya dawati, zipu imefunguka nusu.

Adventina aliona wazee wakiinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakitazama mbao za madawati ambazo watoto wao walichonga majina. Danstan hakuinama. Alimtazama moja kwa moja, na uso wake haukuwa wa mshitaki. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukigongwa.

"Nilibuni," alisema Adventina.

"Sehemu gani?"

"Yote, Afisa."

"Mtoto?"

"Hakuna mtoto."

"Huyu bibi aliyempokea?"

Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. "Hakuna bibi. Nilikaa nikatunga."

Aron alisimama nusu. "Mwalimu, lakini daftari..."

"Daftari lina nyimbo za kwaya, Mwalimu Mkuu." Akafunga zipu ya mkoba.

Bwana Wiston aliandika kwa muda mrefu, kalamu ikikwaruza. Kisha akasoma kwa sauti: mwandishi amekiri mbele ya kamati kuwa habari zote za kitabu ni za kubuni na hazihusiani na mtu yeyote aliye hai au aliyekufa, amewasilisha jambo la kubuni kwa wanafunzi kama historia, kitabu kiondolewe shuleni, nakala zipelekwe ofisi ya kata, mwandishi apewe barua ya onyo. Kuna anayepinga? Mama aliyezungumzia makaburi naye aliinamisha kichwa. Adventina akaitwa kusaini. Alisaini kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Nje, Danstan alimfuata hadi kwenye kona ya jengo. Ilionekana wazi alitaka kusema jambo kubwa. Alivua kofia, akaivaa, akaangalia juu.

"Mwarimu, unaonaje, mvua itafika?"

"Itafika, Baba Irine."

"Itafika," alisema Danstan, na akashika njia.

Aron hakumuuliza chochote. Alisema tu, akifunga mlango wa ofisi, kwamba yeye aliandika barua mbili kwa mkurugenzi kumtetea na sasa hajui ataweka wapi uso wake. Adventina alitamani kumwambia. Aron alikuwa mtu mwema, angetunza siri. Lakini watu wa kilima walikuwa wametunza miaka thelathini bila kumwambia hata mwalimu aliyekula kwao, na yeye hakuona haki ya kuanza kugawa kwa siku moja. Akasema, "Unisamehe, Mwalimu Mkuu," na akaenda nyumbani kupika.

Kesho yake habari ilikuwa imeenea kabla ya kengele. Mwalimu amesema ni uongo. Wavulana wa darasa la sita walipoteza hamu na Irine kwa asubuhi moja, wakahamia kumcheka mwalimu, ambaye hadithi yake iliwaliza bure. Somo la historia lilikuwa gumu kulifundisha. Alipoandika tarehe ubaoni, mvulana mmoja nyuma aliuliza, "Na hiyo umetunga, Mwalimu?" na darasa lote likacheka. Adventina alitabasamu akaendelea kuandika. Iliuma, na ingeuma tena wiki zijazo, maana mwalimu anayeonekana mwongo mara moja hushughulikiwa na watoto kwa muda mrefu.

Wakati wa kwenda nyumbani alikuwa akifuta ubao alipomwona Irine amesimama mlangoni. Gauni lake lilikuwa limeshonwa begani kwa uzi mweusi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Irine. Ingia."

Irine hakuingia. Alikuwa amekasirika, na alikuwa mtoto asiyejua kuficha hasira.

"Ni kweli ulitunga?"

Adventina alikuwa amejiandaa kwa Afisa, kwa kamati, kwa Aron. Kwa huyu hakuwa amejiandaa. Alitafuta neno ambalo lisingekuwa uongo, akaona hakuna.

"Ni kweli. Nilitunga."

"Hata mama yake kumfunga lile fundo?"

"Hata hilo."

Macho ya Irine yalijaa. "Mimi nililia, Mwalimu. Na mama nyumbani alilia. Tulimlilia mtu ambaye hayupo?"

Adventina aliweka dasta mezani. Dirishani aliona watoto wakitawanyika kwenye njia za mashambani, na langoni, jembe begani, Kalista amesimama akingojea, amefika hadi pale lakini haingii.

"Mlilia vizuri," alisema. "Yule mtoto mpende tu, Irine."

"Hata kama hayupo?"

"Hata kama hayupo. Haya, nenda, mama yako anakusubiri."